Maonyesho ya sarafu Dodoma: walivyoing'arisha heller yangu ya Tabora bila kuniuliza

Naandika hii nikiwa bado na hasira, na kama kuna mtu nitamwonea humu basi anisamehe huko alipo, ila yule kijana wa meza ya karibu na mlango wa pili pamoja na bosi wake, hao siwaonei, nasema kilichotokea.

Juzi juzi hapa mjini kulikuwa na maonyesho makubwa ya sarafu na noti za zamani, wikiendi nzima. Watu walipanda SGR asubuhi kutoka Dar na mchana wako ukumbini, wengine Zanzibar, wengine Arusha, nikasikia hadi Nairobi na Kampala. Sisi wakusanyaji wa kanda ya kati hatujazoea vitu kama hivi, yani kila siku ni kuwazungukia mafundi dhahabu na wauza vyuma chakavu pale Majengo, au unapigiwa simu na mtu wa Kondoa anakwambia kaka nimepata rupia ya mkoloni njoo haraka, unafunga safari ukifika unakuta shilingi tano ya Nyerere. Kwahiyo nilivyosikia kuna ukumbi mzima umejaa meza nilijua lazima niwepo, hata kazini niliaga mapema.

Nilienda na sarafu yangu moja tu ya maana. Heller 20 ya mwaka 1916, hela ya enzi za Mjerumani iliyogongwa Tabora, ile ya shaba nyekundu. Aliiweka babu mzaa mama, alikuwa mtu wa reli, alishakaa Saranda na Manyoni huko, na alivyofariki ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo na vifungo vya koti lake la kazi. Wanaojua wanajua, hii siyo sarafu ya bei ya kujengea nyumba. Lakini ina historia ambayo ni ya huku kwetu. Vita ya kwanza Muingereza kaziba bahari, Mjerumani hawezi kuleta hela kutoka kwao, askari na wapagazi wanadai mshahara, basi wakaanza kugonga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, wakatumia shaba yoyote waliyopata hadi maganda ya risasi. Ndo maana zingine njano zingine nyekundu, zingine taji kubwa zingine dogo, hata ncha za herufi L kwenye neno heller hazifanani kwa sababu mihuri ya kugongea sarafu ilikuwa inachongwa hapo hapo. Mwezi wa tisa 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Ni miezi tu. Mimi ya kwangu nilitaka mtu mwenye macho aniambie ni aina ipi, hicho tu, sikwenda kuuza.

Sasa meza ile ilikuwa na bango kubwa limeandikwa ushauri na uthamini bure. Kuna foleni, nikapanga. Nimefika mbele nikamsalimia kijana, nikamwambia kaka naomba uniangalizie taji na hizo L, nikafungua kitambaa nikampa. Akaishika. Kidole gumba katikati ya sarafu, siyo pembeni, nikaona nikasema moyoni haya, labda haraka. Akaigeuza, akasema "imechafuka sana hii mkuu hata sisomi". Bosi wake akamwita, nikageuka kidogo kwa sababu kuna mama nyuma yangu alikuwa ananiuliza kama na noti wanapima, kumjibu tu yule mama, nikirudisha macho naona jamaa ameshamimina ile dawa nyeupe ya kung'arishia vitasa vya shaba kwenye kitambaa na ANASUGUA. Anasugua sarafu ya babu yangu! Nikapiga kelele watu wakageuka. Na yeye ananiangalia anashangaa, anainyanyua juu inametameta kama ya jana, ananiambia "si imependeza lakini?"

Aisee.

Kwa wasiokusanya naomba mnielewe kwa nini mtu mzima aligombana ukumbini kwa ajili ya kipande cha shaba. Ile rangi ya kahawia iliyokolea siyo uchafu. Ni shaba yenyewe imekutana na hewa na jasho na moshi zaidi ya miaka mia, ikajifunika, na huko kujifunika ndo kunailinda na ndo kunamwambia mtu anayejua kwamba hii haijachezewa. Ukiiondoa haujarudisha upya wowote, umekwangua ngozi ya juu. Na hairudi. Utasema iache itakuwa nyeusi tena, sawa itakuwa, lakini mkusanyaji akiweka lenzi ataona mikwaruzo midogo midogo ya kitambaa imelala upande mmoja, basi inaingia kundi la zilizosafishwa milele. Ni sawa na mtu achukue kigoda cha mababu akipige randa halafu akudai asante. Hili ni jambo la kwanza kabisa kila anayeanza kukusanya anaambiwa, usisafishe, usisafishe, usisafishe, na huyu amekaa chini ya bango la ushauri!

Hiyo ningeweza kusema ni ujana, hajafundishwa. Kilichonimaliza ni bosi. Akaja taratibu, hajasema pole wala nini, akaichukua mkononi mwa kijana, akaweka lenzi, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba ni aina nzuri, taji dogo, ila kwa bahati mbaya imesafishwa, na zilizosafishwa bei yake ni chini ya nusu, kama nataka anaweza kunisaidia kuichukua. Kunisaidia! Dawa bado imebaki kwenye herufi, meupe yako kwenye duara la 0 ya ile 20, kitambaa kiko mezani kimekuwa cheusi, na yeye ananitajia bei ya sarafu iliyosafishwa kana kwamba nilikuja nayo hivyo. Sisemi walipanga. Nimefikiria sana hilo na siwezi kulisema kwa sababu sina ushahidi. Ila nauliza tu, dawa ile ilikuwa mezani tayari, imefunguliwa, na kitambaa kilikuwa na weusi kabla ya zamu yangu, sasa wale walionitangulia kwenye foleni walienda wapi na sarafu zao?

Nikawafuata waandaaji. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri tu, akamwita kaka mwenye beji, kaka mwenye beji akasema kila meza inajitegemea, wao wanakodisha nafasi tu. Nikamwambia bango la uthamini bure nyie mmeliona? Akasema ataongea nao. Nilipita baadaye mchana bango lipo, foleni ipo.

Hapo ndo nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba msiende, nyota moja, basi. Na nilikuwa natoka kabisa.

Lakini kuna mzee mmoja, meza yake ndogo kule nyuma karibu na dirisha, aliona ile vurugu akaniita kwa mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba afu akaniongezea mbukwa, salamu yetu ya Kigogo, nikajua huyu ni mtu wa hapa hapa. Akasema kaa mwanangu. Hakuniuliza kitu kuhusu sarafu yangu, alitandika kitambaa laini mezani, akaniambia futa mikono, akatoa kwenye kasha ile rupia 15 ya dhahabu. Nyie! Ile ya tembo. Dhahabu ya Sekenke, hapo Iramba kwa jirani zetu Singida, iligongwa karakana ile ile ya Tabora mwaka ule ule wa 1916, tembo kainua mkonga na milima nyuma yake, zilitoka 16,198 tu. Nimeziona kwenye picha miaka yote. Akaniambia shika pembeni, kwenye ukingo, na usiinyanyue juu ya kitambaa, ikidondoka idondokee hapo. Nikaishika. Mikono ilikuwa inatetemeka, hasira na furaha kwa pamoja sijui niseme ni nini. Haiuzwi, alisema, ameileta watu waione kwa sababu watoto wa huku hawajui kama dhahabu yao ilishawahi kuwa hela.

Ndipo akaomba aione yangu. Aliomba! Akaiangalia muda mrefu, akasema usiiguse tena na chochote, hayo meupe yaliyobaki kwenye herufi tafuta maji safi yasiyo na chumvi uiloweke tu, usisugue, ikauke yenyewe, halafu iweke kwenye karatasi isiyo na asidi siyo kwenye nailoni laini zile za albamu za bei rahisi maana zinatoa mafuta na shaba inaota kijani. Hayo ndo maelezo niliyotakiwa kuyapata mlangoni.

Kwahiyo kwa haki kabisa, meza ya mzee ni nyota tano. Na jamaa wa Zanzibar naye alikuwa vizuri, ana pesa za Sultani Barghash za 1299 ya Kiislamu zile zenye mizani, kila moja ndani ya kikasha, bei imeandikwa, hakuna kubembelezana. Kuna mwingine alikuwa na seti ya 1966 ya kwetu, samaki, mbuni, sungura na mwenge, zile za mwanzo kabisa za Benki Kuu, watoto wa shule wamejaa pale anawaelezea bila kuchoka. Hawa ndo wanafanya mtu arudi.

Wa noti sasa, hapo kuna la kusema ila kwa ufupi. Yule mama wa nyuma yangu alikuwa na bunda la elfu kumi na elfu tano za zamani, zile ambazo Benki Kuu ilitangaza zibadilishwe hadi tarehe 5 Aprili 2025, yeye alichelewa, na kuna watu wamemwambia eti sasa zimekuwa mali watazinunua mara kumi. Hakuna aliyezigusa. Alitoka analia. Na wale wanaopita meza hadi meza wakiuliza rupia ya miujiza eti inayovuta mchele, ule utapeli wa siku zote, jamani walinzi muwe mnawatoa, wanaharibu jina la kila mtu anayependa sarafu.

Nilifika nyumbani nikaiweka mezani, mama akaniuliza hii ndo ile ya baba? Hakuitambua. Hapo hasira ikarudi upya na nyota zote nilizokuwa nimeshatoa nikazipunguza tena, maana waandaaji ndio waliompa yule mtu meza na ndio walioacha bango lake.

Nitaenda wakija tena? Naona nitaenda, kwa ajili ya mzee na yule wa Zanzibar. Ila waandaaji waweke sheria iandikwe pale mlangoni, hakuna anayegusa sarafu ya mgeni kwa dawa, na anayegusa ailipe kwa bei ya kabla. Wasipoweka nitasimama karibu na ile meza siku nzima niwaambie watu mmoja mmoja.

Na kama una heller 20 ya Tabora, ya shaba nyekundu, taji dogo, iwe imegeuka nyeusi au kahawia haijalishi ila haijaguswa na mtu, iseme hapa, nanunua.