Mpira wa kuchuruza au wa kunyunyiza?

Kwa bustani ya mboga hapa Mombasa, mimi nachagua mpira wa kuchuruza. Mwili wake mzima una vitundu visivyoonekana. Maji hutoka polepole kama jasho na kushuka kwenye mizizi. Ule wa kunyunyiza hurusha maji juu, na wakati wa kaskazi jua na upepo huyala mengine kabla hayajagusa ardhi.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni chumvi. Wengi wetu tunategemea visima, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Yakinyunyizwa juu ya mchicha au nyanya, majani huungua kingoni. Yakichuruzika chini, majani husalimika, ingawa chumvi huzidi kujikusanya udongoni mpaka masika iioshe.

Tangi lililoinuliwa latosha kuuendesha mpira wa kuchuruza. Wa kunyunyiza wataka presha. Kasoro ya ule wa kuchuruza ni chokaa, huziba vile vitundu. Fungua ncha yake mara kwa mara, uachie maji kwa nguvu yatoe uchafu.

Kwa nyasi za uani, wa kunyunyiza ndio bora: hulowesha eneo pana kwa mkupuo mmoja. Ufungulie alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia.