Ngome ya Lamu kama darasa la historia: nyota nne, na mzee wa boriti nampa tano

Nafundisha historia sekondari hapa Amu, ndiyo Lamu yenyewe, na muhula uliopita nilipeleka kidato cha tatu Ngomeni na kwenye ile Nyumba ya Makumbusho kule mitaani, nyumba ya kizamani ya Waswahili, si ziara ya kutembea na kupiga picha, la, tulikuwa tunaanza projekti ya wiki tatu. Walimu wenzangu wameniuliza sana kama inafaa ndo maana naandika. Inafaa, tena sana, ila msiende vile nilivyoenda mimi mara ya kwanza.

Mara ya kwanza tulichukua kijana wa kutembeza wageni, jina lake simtaji, akatuzungusha dakika arobaini mbiombio, watoto wakaandika "ilianza kujengwa 1813 ikaisha 1821" wakafunga madaftari. Ukiwauliza ilijengwa kwa nini, kimya. Na hawa ni watoto wanapita mbele ya ngome hiyo kila siku ya Mungu wakitumwa sokoni, wanakaa chini ya ile miti ya mikungu, ndani hawajawahi kuingia. Mji wao umeandikwa urithi wa dunia na UNESCO tangu 2001 na wao wanausoma kama mji wa watu wengine. Iliniuma.

Safari hii niliwagawa makundi na kila kundi likapewa swali lake kabla ya kutoka shule, jibu nusu litafutwe Ngomeni na nusu nyumbani kwa wazee. Kundi moja lilishika vita vya Shela, vile watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walivyokuja kuipiga Lamu wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao wakakuta maji yametoka vimekaa juu ya mchanga, halafu watu wa Lamu kwa kuogopa watarudi wakamwendea Sayyid Said wa Omani awalinde. Watoto wa Shela walienda kuuliza kwao wakarudi na masimulizi matatu hayalingani hata kidogo, wakaja kwangu wanataka niwaambie lipi la kweli. Nikawarudishia swali. Kundi jingine lilichukua habari za gereza, manake ngome ilikuwa jela mpaka 1984, kwa hivyo wanaoikumbuka wako hai na wanaulizika.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni kundi la tatu ambalo nililipa tepu ya fundi tu, nikawaambia pimeni upana wa vyumba vya Nyumba ya Makumbusho kisha mkapime vyumba vya kwenu vya kizamani. Basi kila wakipima, chumba ni kirefu vizuri lakini upana hauvuki mita tatu. Msichana mmoja daftari lake lilikuwa limebaki nje, akaandika vipimo vyote kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akanionyesha mkono akaniuliza mwalimu, watu walikuwa na pesa, kuta wamezipamba zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mpaka juu, mbona vyumba vyembamba hivi? Jibu nalijua ila nilinyamaza, nikawaambia mtafuteni mtu aliyekata boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari.

Walimpata barazani baada ya Alasiri. Mzee alikata mikoko miaka mingi na kupakia majahazi ya Arabuni. Alichukua ile tepu kwa mtoto, akaivuta akailaza chini kwenye sakafu ya baraza, akaweka kidole pasipofika mita tatu, akawaambia hapa ndipo mti unapokoma. Boriti ikizidi hapo aidha hupati iliyonyooka, au ukiipata haibebi, manake dari ya nyumba zetu ni mawe na chokaa, uzito wake si mchezo. Kwa hivyo chumba kinaishia boriti inapoishia, uwe tajiri uwe maskini. Akaendelea kuwatajia miti kwa unene, kuanzia mwembamba, fito, pau, boriti, nguzo, banaa, kila moja akiwaonyesha unene wake kwa vidole na mikono, na kwamba zilihesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Kutoka hapo tukaingia biashara ya Ghuba, pepo za kaskazi na kusi zilizosukuma majahazi, serikali kupiga marufuku boriti kuuzwa nje na watu wakakosa kazi, na kwamba zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu. Yote hayo yalitoka kwenye swali la upana wa chumba! Kitabuni biashara hii ina mistari michache tu.

Mambo ya kuangalia. Wanafunzi wakienda kuandika mahojiano watasafisha maneno ya mzee, yeye kasema nti wao wanaandika nchi, kasema mayi wanaandika maji. Nilirudisha karatasi zote ziandikwe upya kama alivyotamka, manake Kiamu, lahaja yetu ya hapa, chenyewe ni ushahidi na kinapotea mbele ya macho yetu. Simu za kurekodi zilikuwa mbili tu, yangu na ya mwalimu mwenzangu, hapo tulihangaika. Nyota moja nimepunguza kwa sababu ya nafasi, vyumba si vya kuingiza kilasi nzima, mimi niliingiza wote kwa pamoja na wa nyuma hawakuona kitu, nendeni kumi na tano kumi na tano, asubuhi kabla jua halijapanda, na barua ya shule mkononi, ada ya wanafunzi iulizwe mapema.

Mwisho tulifanya maonyesho shuleni tukaalika wazee waliohojiwa. Mzee wa boriti alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akasimama mbele ya meza tuliyopanga ile miti ya mikoko, akasoma vibandiko polepole kimoja kimoja, akakuta watoto wameandika pau kwenye fito. Akakibandua akakiweka mahali pake, kisha akamwita yule msichana wa kiganja akampa ile fito aishike. Muhula ujao tunaenda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, na kama kuna mwalimu wa Malindi anataka kuleta wake tufanye pamoja, niandikie hapa chini.