Wimberley WH-200 na lenzi nzito: imenikosha, ila mfuko umelia

Wenzangu mnaopiga ndege (kwa kamera, sio kwa manati), leo naongelea kile kichwa cha tripodi ambacho kila nikisimama nacho mdomo wa mto Sabaki huku Malindi lazima mtu aniulize "hiyo ni nini bana". Ni gimbali (kichwa chenye mkono kinachoning'iniza lenzi nzito) ya Wimberley, modeli WH-200, ya Marekani, bei yake inacheza kwenye dola 600 hapo hujagusa usafiri wala ushuru, mi nililetewa na binamu yangu akirudi likizo. Ndio, najua, kwa hiyo hela unapata pikipiki ya mtumba na chenji ya mafuta.

Mzigo wangu ni lenzi ya Sigma 150-600 mm toleo la Contemporary pamoja na kamera ya Nikon D500. Lenzi peke yake ni kama kilo 1.93, kamera gramu 860, jumla inakaribia kilo 2.8, na kwa sensa ya D500 iliyo ndogo kuliko ya fremu kamili ile 600 mm inaona kama 900 mm kwa hiyo hata upepo ukipiga kidogo tu unamuona ndege anacheza ndani ya vyufainda (kitundu cha kuchungulia). Kwenye kichwa cha kawaida cha gololi lenzi ya hivi ni balaa, maana uzito wote umekaa juu ya gololi, ukilegeza kifundo ili umfuate ndege lenzi inataka kudondokea mbele au pembeni, unabaki mkono mmoja umeshika kifundo mwingine umeshika lenzi na ndege ashaenda zake. Na ikidondoka kwa nguvu inaweza kubana vidole au kuangusha tripodi nzima.

Gimbali kazi yake ni kuishusha lenzi ikae usawa wa ekseli (mhimili inapozungukia), inaning'inia pale kama bembea, uzito haupigani na wewe tena. Ila sasa usifunge tu ukaanza kupiga, lazima uisawazishe. Unalegeza kifundo cha kupanda na kushuka, unasogeza pleti (kile kibapa kilichofungwa chini ya mguu wa lenzi) mbele au nyuma kwenye kibano kinachoishika mpaka lenzi ikae bila kuinamia upande wowote, na hapa kuna jambo, hii Sigma ukizumu inarefuka mbele kwa hiyo uzito unahama, kwa hiyo sawazisha ukiwa umeshafika 600 na hudi (kofia ya kukinga jua mbele ya lenzi) umeshaivalisha, sio ikiwa imejikunja. Alafu elekeza lenzi juu kama nyuzi 45 uachie: ikirudi chini yenyewe au ikizidi kupanda, basi kile kijukwaa chenye kibano hakijakaa kimo chake, kwenye WH-200 unalegeza unakipandisha au kukishusha. Ukipatia, unaachia mkono kabisa lenzi inabaki pale pale ulipoielekeza, hata kifundo hujafunga. Hii ndio raha yenyewe, kwa kidole kimoja unamfuata membe anayepiga mbizi. Yangu nikiizungusha haikwamikwami, inateleza tu.

Nilishatumia gimbali ya bei rahisi, jina naliacha, na sisemi zote za rahisi ni mbaya, ila ile mkono wake ulikuwa na mchezo pale chini unapounganika na kitako, unafunga kila kitu lakini ukigusa kamera bado inatikisika, na kifundo cha kupanda kilikuwa kinakwama kikishaingiwa na mchanga. Ukienda kununua ya rahisi shika mkono wake uutikise dukani, mchezo utausikia.

Lakini kiukweli kabisa, hata ukinunua Wimberley, mguu wa lenzi na pleti ndio vinaangusha mizigo ya watu. Mguu wa hii Sigma hauna mfereji wa Arca (ule mtindo wa kingo ambao kibano hushika), unafungia pleti chini yake, na pleti ikishikwa na skrubu moja tu lenzi inaweza kujizungusha taratibu kwenye hiyo skrubu, kila ukigeuza kushoto kulia inalegea kidogo kidogo bila wewe kujua. Tafuta pleti ndefu, ya skrubu mbili kama mguu wa lenzi yako una matundu mawili, au yenye kingo inayoshika ubavu wa mguu isizunguke. Ukaze kwa spana ya L, sio kwa sarafu. Na zile skrubu ndogo ndogo mbili chini ya pleti, huku na huku, watu wanazing'oa wakiona zinawasumbua kuingiza pleti kwenye kibano, ACHENI. Ndio zinazozuia lenzi isiteleze ikatoka kibano kikilegea. Kibano cha kifundo cha kuzungusha mi nakiamini kuliko cha wenzo, kwa sababu pleti za kampuni tofauti zinapishana upana kidogo tu, wenzo unaweza kufunga "tak" ukadhani umeshika kumbe pleti inacheza. Kila nikifunga naivuta lenzi juu kwa nguvu kabla sijaachia mkono, kila mara, hata kama niliitoa kufuta jasho tu. Na ile ringi ya mguu nayo, uliilegeza kugeuza kamera wima? Ikaze tena.

Chini nako kusisahaulike. Ile nguzo ya katikati ya tripodi usiipandishe, au itoe kabisa. Pale Sabaki matope laini, miguu inazama ukiwa unapiga, kwa hiyo naikandamiza mpaka igome ndio naweka lenzi, mguu mmoja ukielekea upande lenzi inapoangalia. Ukitoka hapo, fungua vifungo vya miguu uvisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi haina urafiki. Kule kwenye hori la Mida, kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko hakuna gimbali itakayokuokoa, mtu mmoja akitembea nyuma yako fremu nzima inaruka, unasubiri watu watulie na unapiga kwa shata ya 1/1000 ya sekunde au ya kasi zaidi. Kitabu cha Sigma kinasema zima OS (kile kituliza mtikisiko cha lenzi) ukiwa kwenye tripodi, mi huzima ikiwa nimefunga kila kitu.

Malalamiko yangu sasa. Inafika kilo 1.4 yenyewe, jumlisha tripodi na lenzi, ukitembea kilomita mbili mchangani jua la saa sita utaitukana. Umbo lake halikai kwenye begi vizuri, mkono unachomoza. Na ni kichwa cha kazi moja, ukitaka kupiga machweo na lenzi fupi hakikufai, utabeba kichwa kingine. Kwenye gari la safari Tsavo huko sahau, tripodi haipati pa kusimama, mfuko wa maharage juu ya dirisha unaishinda gimbali vibaya sana na bei yake unaijua.

Kama tayari una kichwa cha gololi kilicho imara na lenzi yako ni hizi za kilo mbili mbili, waangalie haohao Wimberley wana kitu kinaitwa Sidekick, unakibana juu ya gololi kinageuka gimbali, ni chepesi kuliko hii, ila lenzi inafungwa kwa ubavuni kwa hiyo shikilia vizuri wakati wa kuweka na kutoa, hapo ndipo mkono mmoja hautoshi.