Ngalawa za mjukuu wangu ndani ya Psion: IrfanView imenitoa

Kompyuta yangu ya mkononi ni Psion Series 5, iliyotoka mwaka 1997. Niliinunua kwa baharia enzi zangu za kazi za forodha hapa bandari ya Tanga, na hadi leo kodi za wapangaji wangu wa Chumbageni zimo humo. Inakula betri mbili za AA, kioo chake ni nukta 640 kwa 240, kijivu mtindo mmoja. Watu huanza kwa kucheka. Nikiwafungulia ile kibodi wananyamaza.

Sasa mjukuu wangu ana ugonjwa wa kuchora vishale vya mausi. Kachora ngalawa kumi na moja, nukta 32 kwa 32 kila moja, na ncha ya foromali, ule mti unaoshika tanga, ndiyo inayobofya. Akataka ziingie kwenye Psion. "Babu, si picha tu hizo?"

Nikaanzia duka moja la steshenari Ngamiani. Kijana akanipa shikamoo yangu vizuri, akachomeka flashi, akafuta ".cur" ya kishale mwishoni mwa jina, akaandika ".bmp" ya picha ya kawaida, akapokea shilingi 3,000. Nyumbani halikufunguka hata moja. Ukimwita mbuzi ng'ombe haoti nundu: faili la BMP huanza na herufi B na M, la kishale huanza na sifuri mbili halafu 2. Hiyo 2 ndiyo inayosema "mimi kishale". Ingekuwa 1, ni ikoni.

Ndipo nikarudi kwa IrfanView kwenye kompyuta yangu ya Windows XP. Ni programu ndogo ya kutazama na kugeuza picha, ya Irfan Škiljan, ipo tangu 1996, bure kwa mtu wa nyumbani kama mimi. Ilifungua ngalawa ya kwanza bila kuuliza swali. Nikahifadhi kama BMP, nikatazama: ngalawa imo usiku wa giza, mraba mweusi tii!

Kosa langu mwenyewe. Kishale kina picha na pia ramani ya wapi pawe wazi ili kilicho nyuma kionekane. BMP ya kawaida haina pa kuweka uwazi huo, basi programu inapajaza kwa rangi ya dirisha lake, na langu lilikuwa jeusi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka nyeupe, nikafungua upya. Kukapambazuka.

Kazi hasa ilikuwa rangi. Psion hii ina vivuli 16 vya kijivu, basi. Tanga jekundu na bahari ya bluu, vikigeuzwa kijivu, vikawa kitu kimoja. Ngalawa ikabaki mstari wa mtumbwi na matengo ya ubavuni yanayoelea peke yake. Nikamrudishia mjukuu, nikamwambia alipaushe tanga mpaka likaribie nyeupe, kama yale makuukuu ya Sahare yaliyopigwa jua. Alinuna kidogo, akafanya. Safari hii niligeuza kijivu, nikapunguza rangi hadi 16, na ngalawa ikasimama inavyostahili. Zilizobaki nikazigeuza kwa mkupuo mmoja: unabonyeza B, unachagua mafaili, unaenda kumimina kahawa. Sikuwahi hata kufika kwenye kikombe.

Kuzivusha ni kazi ya PsiWin, programu ya kuunganisha Psion na kompyuta, na ule waya wake wa zamani. Ukiibeba BMP kupeleka upande wa pili, inageuka yenyewe kuwa mchoro wa Sketch, programu ya kuchorea ya Psion.

Kisichovuka ni ile ncha ya kubofyea. Kwenye faili la kishale imeandikwa kwa namba mbili, umbali kutoka kushoto na umbali kutoka juu. BMP haina nafasi yake. Mwenye kuihitaji baadaye aiandike kwenye karatasi kabla ya kugeuza.

IrfanView naipa nyota tano. Steshenari nimewasamehe ile 3,000.

Mjukuu alipoiona ngalawa kwenye kioo alichukua kalamu ya Psion, akagusa ncha ya foromali, akangoja.

"Mbona haibofyi, babu?"