Duka la mitumba la kuchangia wagonjwa, mtaa wa Shela, Malindi

Duka hili dogo linaendeshwa na akina mama wanaojitolea, nao huuza nguo na vyombo vilivyotolewa na majirani, ili faida igharamie huduma ya nyumbani kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, huduma ambayo Nairobi Hospice ilianza kuitoa nchini mwaka 1990. Nilifika Jumamosi asubuhi, nikanunua jozi ya leso kwa shilingi 300 na birika la shaba ambalo mkono wake ulitiwa lehemu upya na fundi anayeijua kazi yake. Bei si za kumkomoa mtu.

Kilichonivutia zaidi ni maelezo ya mama aliyekaa mezani, ambaye, nilipomuuliza fedha zinakwenda wapi, alinieleza kwa utulivu kwamba morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kuwa nguvu yake haidumu mwilini, na kwamba mgonjwa hupewa pia dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo. "Mwanangu, maumivu hayangoji kuche," akaniambia. Nauli ya muuguzi nayo hutoka humo humo.

Kasoro ipo: sikupewa risiti, na daftari la mapato lilikuwa na kurasa zilizomwagikiwa chai. Anayechanga kwa nia njema anastahili kuiona hesabu imebandikwa ukutani. Mahamri yanayouzwa barazani kwa ajili ya mfuko huo huo huisha kabla ya saa 4 asubuhi.