Ekzosi moja au mbili? Nimetumia zote

Gari yangu ni ya silinda 4 na nilikua nimeng'ang'ana lazima iwe na ekzosi (bomba za kutolea moshi) mbili, nikafunga, aisee kwa nyuma ilipendeza kweli ila nguvu sikuiona, uzito ndo uliongezeka, na ukichungulia chini unakuta ni paipu moja tu imegawanyika mwishoni, yaani urembo. Nimerudi kwenye moja ya inchi 2.5 yenye kona chache, inapumua vizuri na mlio umetulia. Mbili nazipenda kwenye V8, yaani injini ya silinda 8 zilizopangwa nne nne pande mbili, kila upande wa silinda unapata njia yake ya moshi, ila fundi aziunganishe katikati kwa paipu yenye umbo la X, mlio unakua laini sana. Na kabla hujalipa ingia uvunguni uangalie walivyochomelea!