Roboti za kukaribisha wageni ndani ya Second Life: sura nzuri, muuzaji fidhuli

Usinunue mbili. Kama lazima ununue, chukua moja tu na uiweke mbali na kitu chochote kinachoongea. Nasema hivi nikijua kwamba tangazo la bidhaa yenyewe lina picha ya roboti mbili zimesimama huku na huku mlangoni. Picha hiyo ndiyo iliyonivuta, na ndiyo inayonikera mpaka leo.

Ndani ya Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni unaojengwa na watumiaji wenyewe, nina baraza ya kuchezea bao. Bao lenyewe nimelijenga kwa mkono wangu, kuanzia ule mchemraba wa nusu mita wenye rangi ya mbao ambao kila mjenzi huanzia nao. Mashimo 32, kila shimo primu yake, yaani kipande chake cha kujengea, na nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, nimeipa pembe nne kama ilivyo kwenye bao la kweli. Ukigusa shimo, skripti, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya kitu, inaangalia kwa amri ya llDetectedLinkNumber umegusa lipi, inazoa kete, inazisambaza moja moja, kisha inaamua umekula au umetakata, yaani umesambaza bila kula. Kete 64 sikuziweka kama vitu 64, maana ardhi ya kukodi ina ukomo wa vitu. Kila shimo linabadilisha picha yake tu kulingana na idadi iliyomo. Sehemu ya mtaji, ile ya pili ya mchezo, haikunisumbua sana. Namua, ile ya mwanzo, ndiyo iliyonitoa jasho, hasa kanuni za nyumba. Nayaeleza haya ili mjue aliyekuja kuambiwa hajui kujenga ni mtu wa namna gani.

Wachezaji wangu wengi ni watu wazima. Wengine wako Muscat, wengine Toronto, wengine Mombasa, na wanaingia usiku kutafuta bao na mazungumzo. Nilitaka wakifika wapokewe hata kama mimi sipo. Nikanunua hizo roboti, mama wawili wa makamo, nikawavisha kanga nilizozichora mwenyewe. Mnielewe, hizi si akaunti zinazoendeshwa na programu kutoka nje, zile ambazo kanuni zinamtaka mwenyewe azitangaze kwenye mipangilio ya akaunti. Ni vitu vyenye mifupa ndani, animesh, jambo lililoingia Second Life mwishoni mwa 2018, na skripti ndiyo inayowatembeza na kuwasemesha. Maneno unayaandika mwenyewe kwenye notekadi, karatasi ya maandishi ya humo: ikisikia hili, ijibu hivi.

Na kwa haki ya Mungu, kazi ya mikono ni safi. Wanapepesa macho. Ukipita wanakugeukia. Nimejaribu kutengeneza mtu wa aina hiyo na najua ugumu wake, kiwiko kikikunjwa nyama ya mkono inapondeka. Hapa haipondeki. Siku za mwanzo nilikuwa na mmoja tu, nikamsifia kwa kila niliyekutana naye.

Wa pili nilimweka Ijumaa moja tuliyopanga mashindano madogo. Mgeni wa kwanza akaingia, akaandika, "Hamjambo." Mama wa kulia akajibu, "Hatujambo, karibu barazani." Mama wa kushoto akasikia "karibu", akajibu, "Ahsante, nasi twakukaribisha, karibu." Wa kulia naye akasikia "karibu". Hapo ndipo tulipopotezana. Chati ikajaa karibu na ahsante, mstari juu ya mstari, na sauti ya llSay, amri inayowasemesha, hufika mita 20, yaani baraza yangu yote. Mzee mmoja alikuwa anaeleza alivyofungwa mchezo uliopita, nikaona maneno yake yanameguka katikati ya zile salamu mpaka hayasomeki. Akaaga. Mwingine akaondoka bila kuaga. Nilipowaondoa wale mama wote wawili, tulibaki wachache tu, na mashindano hayakuchezwa.

Kosa liko wazi kwa yeyote aliyewahi kuandika skripti. Wamefungua llListen, amri ya kusikiliza, kwenye chaneli 0, ile ya mazungumzo ya wazi, bila kuchuja anayesema ni nani. Skripti iliyofunguliwa hivyo haisikii primu yake yenyewe, lakini inasikia kila kitu kingine, vikiwemo vitu vyenzake. Dawa yake ni mstari mmoja: uliza kwa llGetAgentSize ukubwa wa mwili wa msemaji, ikija sifuri huyo si mtu, nyamaza. Mstari mmoja! Lakini skripti imefungwa, hairuhusu kubadilishwa, kwa hiyo hata kuisoma huwezi. Niliijua dawa na sikuweza kumpa mgonjwa wangu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote. Nikamweleza tatizo, nikampa na huo mstari bure. Jibu lilikuja kwa Kiingereza na maana yake ni hii: bidhaa ni ya watu wanaojua kujenga, na kama salamu za lugha yetu hazina mwisho, hilo si tatizo lake, tutumie Kiingereza. Nilipomwonyesha picha ya tangazo lake mwenyewe, roboti mbili mlangoni, akanifungia nisimwandikie tena.

Sijawahi kujibiwa hivyo. Nimeuza vitu humo, nimepokea malalamiko ya kipuuzi kabisa, na kila mlalamikaji nimemjibu kama mtu. Huyu amechukua kasoro ya skripti yake akaitwika lugha ya watu ambao hakuwahi kukaa nao hata dakika moja.

Kuhusu kufunga skripti, naelewa wanakotoka. Mwaka 2006 kilipotokea kile chombo cha kunakilia vitu, CopyBot, wenye maduka walifunga milango kwa hasira, na hofu hiyo haijawatoka. Ila CopyBot ilikuwa inanakili sura. Skripti zinaendeshwa kwenye seva, haikuwa na uwezo wa kuzichukua. Haya, funga skripti yako, ni jasho lako. Basi weka kwenye notekadi mstari wa kumwachia mteja achague: jibu watu tu, au jibu vyote. Siri yako inabaki, na mimi ningekuwa hapa naandika sifa.

Nilikuwa nimempa nyota tatu, kwa ajili ya vile viwiko. Kila nikisoma tena jibu lake nashusha. Sasa ni moja, na hiyo moja ni ya aliyechonga mwili kama si yeye.

Mama mmoja bado yupo barazani. Nimeitoa ile skripti yao yote nikaweka yangu, kwani mwili wenyewe haukufungwa. Inajibu watu tu, na inajua kumwamkia shikamoo mgeni aliyejiandikisha kuwa mzee. Hatembei vizuri kama zamani, hilo ni kweli, na macho bado sijafaulu kuyapepesa. Skripti iko kwenye sanduku pembeni ya bao, ruhusa zote wazi, bei sifuri. Ichukueni, na anayejua kuyapepesa yale macho aniachie notekadi palepale.